Kipimo cha Goti

Fundi Makame aligonga msumari wa mwisho, akarudi nyuma kutazama. Kilima cha mbao cha kurukia kwa baiskeli kilisimama katikati ya ua, kimepigwa randa hadi hakina kibanzi hata kimoja.

"Zawena! Njoo uone."

Binti yake alitoka na gauni mkononi. Alikuwa akifunga sanduku. Keshokutwa anahamia kwa mumewe.

"Baba, hiki nini tena?"

"Kilima chako. Si ulikitaka?"

Makame aliokota kijiti chenye masizi ya paa. Alikikata siku Zawena alipomwomba, akiwa na miaka minane, akampima toka kisigino mpaka gotini, kwa sababu mtoto alitaka kilima cha urefu huohuo. Kisha akakichomeka kwenye paa. "Kesho," alimwambia. Lakini palikuwa na vitanda vya watu, na milango ya watu, na kila alipoulizwa alijibu kesho, mpaka mtoto akaacha kuuliza.

Zawena alikipokea kijiti, akakisimamisha kando ya mguu wake. Kiliishia katikati ya muundi, chini kabisa ya goti.

"Nimefuata kipimo," Makame alisema.

"Najua, baba."

Alimpa baba yake gauni amshikie. Akavua ndala, akakipanda kilima kwa miguu, polepole, hadi ukingoni, akasimama hapo kama anayengoja kusukumwa.

Gauni lilianguka mavumbini. Makame alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kumdaka.