Nyufa Zilizolala Kaskazini

Mativo alipima kwa rula mara ya tatu, na jibu likawa lile lile.

Kitandani mwake zilitandazwa karatasi mbili za mitetemo iliyopimwa kwenye mwamba mmoja wa chokaa. Iliyosafiri kuelekea kaskazini ilifika upesi. Iliyoelekea mashariki ilichelewa, kila mahali kwa kiasi kile kile. Bosi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: mtambo wa kupimia mbovu, kisima cha mafuta kifungwe Jumatatu.

Mtambo haukuwa mbovu. Mwamba ulikuwa na nyufa, zote zimelala kuelekea kaskazini; mitetemo inayozikata huchelewa, na mafuta hupita kwenye nyufa.

Akacheka kwa sauti. Jirani akabisha mlango.

"Mativo, una wageni leo?"

"Hapana, mama. Ni kazi tu."

"Haya. Nilidhani umepata mtu wa kuongea naye."

Akasikiliza kandambili za jirani zikiburutika kwenye saruji ya mtaa wa Kaloleni. Alitamani kumwita, lakini angeanzia wapi?

Yeye alikuwa mchoraji ramani tu. Angempinga bosi, unga ungemwagika. Akachovya kalamu, akachora ufa mmoja mmoja kwenye ramani safi. Chini, pale palipotengwa kwa jina la bosi, akaandika jina lake mwenyewe.