Vitambaa vya Mama Mkwe

Mkamwana alipofungua mlango wa nyumba yake, nusura aangushe mkoba. Vitambaa vya kufuma vilikuwa vimetandazwa kila mahali, vya waridi, vya kijani, vya manjano, juu ya rafu, juu ya meza, hadi juu ya redio.

Miezi mitatu mizima alikuwa akipiga mbao msasa na kupaka kuta rangi nyeupe kwa mikono yake mwenyewe, apate nyumba kama zile za Ulaya ya kaskazini alizoziona kwenye jarida. Mbao tupu, mwanga, basi.

"Mama, ni nini hiki jamani?"

"Nyumba ilikuwa uchi, mwanangu," mama mkwe akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye uzi wake. "Nimeisitiri."

Mkamwana akavivua kimoja kimoja huku akinung'unika, akavibwaga juu ya kochi. Pumzi zilipomwishia akajitupa kwenye kigoda, kile alichokiunda mwenyewe kikatoka na mguu mmoja mfupi, akashika ukuta kama kawaida yake asije akaanguka.

Kigoda hakikuyumba.

Akainama. Chini ya ule mguu mfupi kulikuwa na kitambaa cha waridi, kimekunjwa mara nne.

Akashusha pumzi, uso bado ameukunja.

"Na meza je, Mama? Nayo inacheza."