Taa ya Mama wa Kambo

"Imewaka, dada wee! Imewaka!"

Zawena alikuwa akirukaruka jikoni, simu sikioni, mwiko mkononi. Siku hizi kila nyumba yenye mzazi wa kambo lazima iwe na taa ya imani ukutani, inayowaka mtoto akimwamini mzazi huyo, na ya kwake ilikuwa haijawahi kuwaka tangu aolewe. Wakaguzi wakija kesho wakaikuta imezima, ndoa inavunjwa, anarudi kwao.

"Umemfanya nini huyo Tumu?" dada yake akauliza.

"Sijamfanya kitu! Tulikuwa tunamenya viazi, mara akaniita mama! Akaniambia bado analala na khanga ya marehemu mama yake, haifui, harufu isije ikatoka. Mtoto wa miaka kumi na tano, mwenzangu!"

Akageuka. Tumu alikuwa mlangoni na bakuli la viazi alivyokwenda kuviosha. Taa ikazimika.

"Mwanangu, nilifurahi tu..."

"Najua, Anti."

Zawena akaipangusa taa kwa ncha ya khanga yake, kana kwamba ni vumbi tu.

"Si ulisema kuna jingine la kuniambia?" akabembeleza.

Tumu akaweka bakuli mezani taratibu.

"Nitakumalizia kesho," akasema kwa adabu, akaenda zake chumbani.