Dirisha la Upande wa Ziwa

Nyundo ya Mukuka iligonga ukuta wa chumba cha mama yake ikakuta mbao. Alibandua udongo kwa vidole mpaka fremu nzima ya dirisha ikaonekana, imezibwa kwa matofali.

Ilikuwa mwaka 1956. Alikuwa amerudi Nchelenge, kando ya ziwa, baada ya miaka minane ya uashi katika mji wa Elisabethville, na alitaka kuifanya nyumba hii kuukuu iwe ya kisasa: sakafu ya saruji, kuta nyeupe, na kioo kikubwa cha kutazama ziwa.

"Mama, nani aliziba hii dirisha?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, magamba ya samaki yamemganda mikononi.

"Baba yako. Ile mwaka kaka yako alivuka ziwa kwenda Kilwa, kule ng'ambo, na hakurudi, nilikuwa ninashinda hapa, ninaangalia maji. Sikupika, sikukula. Baba yako akaogopa nitakufa. Wewe ulikuwa mutoto wa mgongoni."

Mukuka aliweka nyundo chini. "Basi nitarudisha udongo, mama. Kioo nitaweka upande wa barabara."

 Mama alimpita, akashika tofali la juu lililolegea, akalivuta kwa mikono miwili. Upepo wa ziwa ukaingia chumbani.

Alichungulia kwenye lile tundu kwa muda mrefu, shavu limegusa ukuta, vumbi jekundu likimwangukia kwenye nywele zake za mvi. Hakulipangusa.

"Vunja yote," alisema bila kugeuka. "Halafu uniletee kiti."