Hema la Watu Wawili

Seremala alilala chini usiku kucha, na kulipokucha alitafuta kitu cha kupiga teke. Akapiga sufuria. Chai ikamwagika kwenye majani.

"Hiyo ndiyo ilikuwa chai yako," mke wake akasema.

"Sitaki chai. Nataka kitanda."

Mtu huyu alikuwa fundi wa vitanda. Nusu ya mtaa ililala juu ya kazi ya mikono yake: maharusi, wagonjwa, watoto wanaobanana watatu watatu. Chake mwenyewe kilikuwa cha mbao nzito, futi sita kwa sita, hakina msumari hata mmoja. Na sasa mke wake, mkunga wa hospitali, mwanamke mwenye akili zake timamu, alikuwa amemng'oa juu ya kitanda hicho akamleta porini alale kwenye turubai. Siku mbili tu, alisema. Tubadilishe hewa.

Hewa gani? Hema lenyewe lilikuwa la kijani, gumu kama gunia, lina namba ya rangi nyeupe ubavuni. Mkewe aliliazima kazini. Mbu waliingia kama walioalikwa. Na chini ya kiuno cha seremala palikuwa na jiwe ambalo, kila alipolikwepa, lilimfuata.

"Watu wanahangaika maisha yao yote watoke kwenye vibanda," alifoka. "Wewe unanirudisha!"

"Mgongo unauma sana au kidogo?"

"Usiniulize kama mjamzito."

"Wajawazito hawalalamiki hivyo."

Akamkatia mkate, akampa. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hivi ungekuwa na randa yako hapa, na msumeno, ungeweza kutengeneza kitanda kikaenea humu ndani?"

Seremala akalitazama hema. Akapima upana wake kwa shubiri, huku mkate ukining'inia mdomoni.

"Ningeweza. Chepesi, miguu mifupi, cha kukunjwa. Kazi ya nusu siku." Kwa muda hasira ilimtoka, akawa anachora hewani kwa kidole, hapa bawaba, hapa kamba. Halafu kiuno kikamkumbusha jiwe. "Lakini cha nini? Mtu mwenye kwake halali kwenye hema. Hema ni la mtu ambaye nyumba imemwangukia."

Mkunga akaokota sufuria, akaenda kuiosha.

Mchana mvua ikanyesha. Maji yakapita chini ya turubai, yakalowesha blanketi, yakalowesha na suruali ya seremala, ambaye wakati huo alikuwa ndani yake. Akatoka, akaanza kung'oa vigingi.

"Bado leo tu," mkewe akasema. Alisimama kwenye mvua bila kujifunika. "Nilikuomba siku mbili, mume wangu. Tangu lini nimekuomba kitu?"

"Nipe sababu. Moja tu!"

"Nikikupa sababu, utakaa kwa ajili ya sababu. Tulipohamia karibu na hospitali nilikupa sababu, ukakubali mwenyewe. Mpaka leo chumvi ikizidi kwenye mboga, unasema nilikulazimisha kuhama."

"Si ulinilazimisha?"

"Basi leo sikulazimishi. Kaa, au ondoka."

Seremala akang'oa kigingi kingine. Hapo ndipo mkunga alipopasuka. Katika ndoa yao yote hajawahi kumpigia kelele namna ile.

"Wewe si fundi wa vitanda! Wewe ni mtumwa wa kitanda! Siku ukifa tutakuzika nacho!"

"Nizikeni nacho! Angalau huko sitalala chini!"

Walirudi mjini kwenye gari lake la kubebea mbao bila kusemezana. Hema lililolowa alilipakata mkunga, kama amepakata mtoto wa mtu. Jioni ile seremala alijitupa kitandani kabla hata ya kula, akakoroma kwa raha. Hakusikia mkewe akipiga simu jikoni, akisema lori lije Jumatatu.

Jumatatu asubuhi lori likapiga honi nje. Seremala akachungulia dirishani. Lilikuwa limesheheni mahema ya kijani, yote yana namba nyeupe ubavuni. Akafurahi. Akalibeba lile hema lao yeye mwenyewe hadi getini, akalibwaga miguuni mwa dereva.

"Chukueni balaa lenu."

Dereva akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndiye wewe fundi wa vitanda? Afadhali! Kule kambini unasubiriwa kwa hamu. Nyumba zote zimekwenda na mafuriko, kina mama wanajifungulia chini. Mkunga alisema atakuja na mtu wa kuwatengenezea vitanda. Mbao tumeshakuwekea, na hema la wawili hili hapa. Vifaa vyako viko wapi tupakie?"

Seremala akageuka. Mke wake alikuwa ametoka, amevaa sare, ana begi moja. Hakumtazama mumewe. Alimtazama dereva.

"Fundi haji," akasema. "Hilo la wawili wape wengine. Mimi nitafutie la mtu mmoja."

Akapanda mbele, akafunga mlango.

"Anakwenda kwa muda gani?" seremala akamuuliza dereva.

"Miaka miwili. Kwani hukuambiwa?"

Lori likaondoka. Seremala akarudi chumbani, akasimama mlangoni. Kitanda kilikuwa pale pale: futi sita kwa sita, mito miwili, mtu mmoja.