Mkalimani wa Filamu ya Msituni

Mwalimu alichagua kiti cha mbele kabisa katika ukumbi wa video, akakifuta kwa leso, akaketi na kutoa daftari na kalamu nyekundu. Mkalimani alipoiona ile kalamu, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Mwalimu huyu alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Alikuwa pia baba wa binti mshonaji ambaye mkalimani alimpelekea posa mwezi uliopita, na jibu lilikuwa moja tu: "Nitakuja kwanza niione hiyo kazi yake." Basi Jumamosi hiyo mchana alikuwa amekuja kuiona.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri filamu. Ukumbi wa video hujaa watu wasiojua Kiingereza, naye husimama kando ya runinga na kipaza sauti, akiwaeleza kila kinachosemwa. Watu walitoka mitaa ya mbali kumsikiliza. Spika zote mbili kubwa zilitoa sauti yake. Filamu iliachiwa kispika kidogo cha ndani ya runinga, ambacho walikisikia wa viti vya mbele tu. Ngoma, bunduki, radi, hata nyani, vyote vilitoka kinywani mwake.

Kasoro ilikuwa moja, na alikuwa ameificha miaka tisa, hata kwa mchumba wake. Mkalimani hakujua Kiingereza. Alijua maneno manne, na mawili kati ya hayo hayasemwi mbele ya wakwe.

Filamu ilikuwa ile ya zamani inayopendwa kuliko zote: baba wa Kizungu, mke wake na watoto wao watatu wanashuka mto kwa mtumbwi katika msitu mkubwa wa mvua, wanajikuta katikati ya makabila mawili yasiyosalimiana. Kwa nini hawasalimiani, mkalimani hakuwahi kujua. Ila hadithi lazima iende. Kwa hiyo miaka yote alisema ni ugomvi wa wakwe: watu wa juu ya mto wameozesha binti bila kuwaalika watu wa chini ya mto, na yule Mzungu ndiye mshenga aliyepoteza kadi za mwaliko.

Siku hiyo alikusudia kujichunga. Mto ulipoonekana umefurika, alisema, "Anasema mto umefurika." Mzungu alipoonyesha mti kwa kidole, akasema, "Anasema ule ni mti."

"Mkalimani, unaumwa?" mama mmoja wa viti vya nyuma akauliza. "Mbona leo unatusomea matangazo ya vifo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine wakaanza kupiga miluzi wakidai ugomvi wao wa wakwe. Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, akapigia mstari.

Mkalimani alimtupia jicho mchumba wake. Mwendesha mashine ya video alikuwa msibani, kwa hiyo binti alijitolea kukaa yeye kwenye mashine, na alikuwa ametulia utadhani mambo hayamhusu. Alimwashiria kwa kidevu aendelee.

Potelea mbali, mkalimani akajisemea. Kama ni kumkosa mwanamke huyu, na amkose akifanya kazi anayoiweza.

Mzee wa kabila la juu alipofungua mdomo, alimpa sauti nzito ya baba aliyechoka. "Wewe mshenga, tumejipamba tangu alfajiri, rangi zinatukauka usoni, na harusi hatuioni. Kadi umezipeleka wapi?"

Watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Mishale ikaruka, mtumbwi ukapinduka, mtoto akaokolewa na bibi wa kabila la chini, naye mkalimani akatoa jasho mpaka shati likamganda mgongoni. Usiku ule wa kwenye filamu, mke wa Mzungu alilia dakika nzima kando ya moto.

"Mume wangu," mkalimani akasema kwa sauti nyembamba, "nilikwambia zile kadi ziko kwenye suruali nyingine."

Mama wa nyuma alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu akanyanyua kichwa, akatega sikio kwenye runinga, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Filamu ilipokwisha, Mwalimu alisimama na kuwageukia watu. Mkalimani alikuwa na hofu kweli, na aibu ilishaanza kumpanda kabla hajaaibishwa.

"Nimewasikiliza waigizaji neno kwa neno," Mwalimu akasema, "na huyu kijana pia neno kwa neno. Nimekuta kosa moja. Yule mama hakusema suruali nyingine. Amesema suruali ya kijivu. Kwa hiyo nampa tisini na nane kwa mia."

Akampa mkono. "Waambie wazee wako waje Jumapili, mwanangu."

Mkalimani aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. Ile suruali aliitunga mwenyewe mwaka wa pili, siku aliyokosa la kusema. Kumbe ilikuwemo. Miaka tisa alijiona tapeli, kumbe alikuwa na kipaji cha kuelewa bila kusoma. Furaha ilimjaa mpaka akataka kulia.

Akaenda mbio kwenye mashine, ambako mchumba wake alikuwa akikunja nyaya.

"Umemsikia baba? Amesema nimepatia kila kitu."

"Nimemsikia," binti akasema. Alitazama mlangoni, ambako Mwalimu alikuwa bado anawafafanulia watu habari za suruali ya kijivu, akateremsha sauti. "Mimi nilijua zamani kwamba huelewi hata neno. Ndiyo maana kabla baba hajakaa niliizima sauti ya filamu, asisikie chochote."