Mlango wa Mildred

Kila asubuhi, Nicanor akitoka zamu yake ya usiku kwenye tanuri la mikate Kawangware, alipitia mtaa wa Silanga kumwachia mamake mkate ungali moto. Alikuwa akigonga dirisha, Mildred anafungua, analalamika kwamba mkate mweupe haushibishi mtu, kisha anaupokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ya Krismasi alikuwa hajafika kona ya muuza makaa aliposikia chuma kikipasua mbao.

Akakimbia. Mlango wa mamake ulikuwa umelala matopeni, bawaba zimeng'oka, mtaimbo uko kando yake. Khalid, mwana wa mwenye ploti, alikuwa akitoka kinyumenyume, amemshika Mildred kwapani, akimburuta kama gunia. Kichwa cha mama kilining'inia. Rinda lake la Krismasi lilikuwa limepanda magotini.

Wiki iliyotangulia Khalid alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiwaambia wapangaji kwamba vyumba vitabomolewa Januari. Nicanor alimkunja shati mbele ya watu wote. "Ukigusa mlango wa mathe, nakuua. Na sikufanyii mchezo." Mildred aliwaamua, na baadaye akamkemea mwanawe: Mama Khalid ni mtu wake, wamechota maji mfereji mmoja tangu ujana.

"Mama Khalid ni landilodi, Mathe. Si rafiki yako."

Mildred alitaka kusema jambo, akaliacha.

Sasa mkate ulianguka topeni. Nicanor akaokota mtaimbo.

Pigo la kwanza lilimpata Khalid mdomoni. Alimwachia Mildred, akatema damu na meno, lakini hakutoroka. Aligeuka akakimbilia ndani.

"Anaenda kuchukua panga huyo!" mtu akapiga kelele.

Nicanor alimwahi kizingitini, akamshushia chuma mgongoni. Khalid aliangukia kandambili za akina mama zilizoachwa pale mlangoni, zikatawanyika. Akatambaa. Mkono wake ulishika fremu ya mlango. Nicanor akaupiga huo mkono, na waliokuwa karibu wakasikia mfupa.

Majirani walikuwa wamejaa tayari, wengine na nguo za kanisani. Adhis wa mlango wa pili alipiga magoti kando ya Mildred, akawa anampepea kwa leso. "Nico! Anapumua! Mamako anapumua!"

Nicanor alisikia, lakini mikono yake haikusikia.

"Hata Krismasi, Khalid?" Osewe, aliyekuwa fundi wa viatu pale kwenye kona, alimpiga teke la mbavu. "Hamngengoja hata tumeze chapati?"

Khalid alijaribu kusema. Taya lilikuwa limekwenda upande, na maneno yakatoka yakiwa damu tupu. Moja tu lilieleweka.

"Mama..."

"Ona sasa! Jana alikuwa mwanaume, leo analilia mamake!"

"Mwite kwa nguvu, aje akuone!"

Kicheko kikapita juu ya vichwa vya watu. Khalid akajiinua tena kwa kiwiko. Mtu anayepigwa hulinda kichwa. Nicanor aliliona hilo na likamsumbua: huyu hakukilinda kichwa chake hata kidogo. Alinyoosha mkono wake mzima kuelekea mle ndani, kwenye giza la chumba na pazia la maua lililokigawa, huku machozi yakimtoka. Nicanor akampiga magoti, moja baada ya jingine, ili asiinuke tena. Hakuinuka.

"Leteni tairi," mtu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai.

Tairi likaja likibingirishwa.

Hapo ndipo Mildred alipokohoa. Alitapika juu ya leso ya Adhis, akatapika tena, akafumbua macho. Nicanor akatupa mtaimbo, akamwendea, akamwinua kichwa kwa mikono ile ile.

"Mathe, amekupiga wapi? Niambie."

"Nani anipige?" Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mlevi. "Kichwa kinaniuma, Nico. Ni jiko la makaa. Mvua ilianza tukiwa tunapika nje, tukaliingiza ndani. Tukafunga mlango."

"Mlifunga? Wewe na nani?"

Mildred aliangalia umati, tairi, na kijana aliyelala kizingitini pake. Hakuelekea kuelewa alichokiona. Akamshika mwanawe mkono.

"Usinikasirikie. Nimetaka kukuambia wiki nzima, nikaogopa maneno yako. Nimewaalika akina Mama Khalid Krismasi. Yeye alitangulia alfajiri na sufuria zake na kuku waliochinjwa kwao, tupike pamoja, ili watu wake nao wale kwangu bila wasiwasi." Alijaribu kuketi, akageuza shingo huku na huku akitafuta uso mmoja kati ya nyuso zote zile. "Alisikia kizunguzungu, nikamlaza kitandani, nyuma ya pazia. Nani amemtoa?"